Ufagio Huingia Mwisho

Nyinyi mnaopokea funguo za pikapu hii, jambo la kwanza la kujua ni kwamba gia ya pili haiingii ukiwa na hasira. Nimejaribu. Lazima ukanyage klachi mara mbili, utulie, useme neno zuri, ndipo iingie. La pili ni kwamba kazi ya gari la ufagio haina shule. Ingekuwa nayo, ningeuliza maswali siku ya kwanza na pengine ningerudi kwenye mkate wangu.

Habari za washindi wataandika wengine. Mimi sikuwaona. Miaka yote niliyofanya kazi kwenye Mzunguko wa Juba, mbio zetu za baiskeli za siku tano, sikumwona mshindi hata mmoja akivuka mstari. Nilikuwa nyuma. Wakati nafika, mshindi alikuwa ameshaoga, amekula, na viti vya plastiki vimeshapangwa kimoja juu ya kingine. Basi hii ni historia ya mbio hizo ilivyoonekana kutoka nyuma, ambako vumbi ni jingi na watu husema ukweli.

Mimi ni mtu wa Malaba, upande wa Kenya. Nilikuja Juba kusambaza mkate, na nilikuwa nikipaki mtaa wa Atlabara mbele ya duka la Hassan, Msomali wa kutoka kwetu Kenya aliyekuwa akiuza kila kitu isipokuwa mkate. Hapo ndipo Ustaz Ladu aliponikuta. Ustaz alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, na katika ukumbi wa hoteli moja alikuwa ameona kwenye televisheni mbio za Ulaya, watu wakiendesha baiskeli siku baada ya siku wakivuka milima. Akaamua Juba haiwezi kukaa bila kitu kama hicho.

"Ya mama," akaniambia, "gari lako linaweza kwenda polepole?"

"Ustaz, hili haliwezi mwendo mwingine."

"Basi umepata kazi."

Akanieleza kwamba kwenye mbio kubwa, gari la mwisho kabisa hubeba ufagio mbele, na kazi yake ni kuwazoa waliochoka. Alikwenda soko la Konyo Konyo mwenyewe, akachagua ufagio wa njiti wenye mpini mrefu, akaufunga kwenye bampa kwa waya. Kisha akafungua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akaandika kanuni ya kwanza: aliyepitwa na ufagio ametoka. Chini yake akaongeza kwamba hakuna wa kumvua mtu namba. Ataivua kwa mkono wake mwenyewe. Daftari hilo ndilo kitabu chetu cha kanuni hadi leo. Mkilipokea, msiweke kikombe juu yake.

Mbio zilikuwa za kulipwa. Ustaz alishikilia hivyo kwa sababu kila mwendeshaji alipewa chakula cha mchana, na mtu anayelishwa kwa kuendesha baiskeli, alisema, si mwanafunzi wala si msafiri, ni mtaalamu. Hassan alitoa magodoro yawe zawadi. Kwa kuwa alikuwa mtu wa swala tano na hakuna aliyewahi kumwona akichelewa hata moja, akapewa pia kazi ya kushika saa. Kumbukeni jambo hilo la saa, tutalirudia.

Siku yangu ya kwanza nilidhani nimejiandaa. Nilikuwa na maji, glukosi, bendeji na blanketi. Sikuwa nimejiandaa kwa ufagio. Watu wa Atlabara walipoona gari linakuja polepole likiwa na ufagio mbele, wakaamua wenyewe kwamba mji umepata gari la taka. Wanawake wakatoka na magunia. Nikapiga honi kuwafukuza, wakafurahi zaidi, maana sasa waliokuwa ndani nao walisikia. Maganda ya ndizi, majivu, godoro lililokwisha, kiti cha miguu miwili. Mzee mmoja alinifuata kwa kigari cha mkono akiniletea friji. Nilipofika mwisho nilikuwa na waendeshaji watatu waliochoka, wamekaa juu ya maganda, na mmoja wao alikuwa amepata kiatu kinachomtosha na bado anatafuta mwenzake.

Niliapa sirudi. Ustaz Ladu alizunguka gari, akatazama, akasema, "Mji umesafika." Mwaka uliofuata watu walianza kuniuliza mapema mbio ni lini, maana taka zilikuwa zinangoja.

Njia yetu ilikuwa ni ileile, lami ya kwenda Nimule mpakani. Siku ya kwanza tulizunguka mjini, ya pili tukateremka Nimule, ya tatu tukapumzika, ya nne tukarudi, ya tano tukazunguka tena mjini na kumalizia mtaa wa New Site. Hapo New Site kulikuwa na kontena la chuma la kuhifadhia vitu vya mbio, na ubavuni mwake Ustaz alimpa fundi rangi kila mwaka aandike majina ya wote waliomaliza siku tano. Si mshindi peke yake, wote. Kontena hilo ndilo kombe letu.

Mwaka mmoja barabara ya Nimule ilikuwa haipitiki. Mtu mwingine angefuta siku hizo mbili. Ustaz alichukua ramani na uzi, akapima, na waendeshaji wakazunguka Konyo Konyo, Atlabara na New Site mpaka urefu wa Nimule ukatimia. Jioni alisimama kwenye mstari akimpokea kila mmoja kwa mkono: "Karibu Nimule." Kesho yake ilikuwa mapumziko, na hakuna aliyeruhusiwa kulala kwake, kwa sababu walikuwa Nimule. Walilala uwanjani chini ya turubai. Mmoja mkewe alipita hapo akitoka sokoni, wakapungiana mikono kama watu walioachana kwa wiki.

Ufagio uliibwa mara tatu. Mara ya tatu nilimwona aliyeuchukua, mama mmoja wa hotelini, naye hata hakukimbia. Alifagia mbele ya hoteli yake huku akinitazama. Nikampelekea gari fundi wa kuchomelea, akaingiza mpini ndani ya bomba la chuma, akalichomelea kwenye bampa hata nyundo haiung'oi. Tangu siku hiyo, ufagio unapokwenda na gari linakwenda, na gari lisipokwenda ufagio nao hauendi. Nilijisifu sana kwa akili hiyo. Ilikuja kunitoa jasho.

Sasa turudi kwa saa. Sote tunakumbuka nchi ilipoamua kurudisha saa nyuma kwa saa moja, tukaachana na wenzetu wa Kenya na Uganda. Hassan hakuigusa saa yake ya mkononi. Mizigo yake ilitoka Nairobi na ndugu zake wako Nairobi, kwa hiyo aliiacha hivyohivyo, akawa anatoa moja kichwani. Kwa habari za Juba alitazama simu. Ulikuwa utaratibu mzuri, ila hakuwa ameujaribu Nimule.

Kule mpakani, simu ikishaona mnara wa Uganda, inahamia Uganda bila kukuaga, na saa yake inaruka mbele. Siku hiyo mwisho wa muda ulikuwa saa kumi jioni. Mshindi alifika saa tisa na nusu, akiwa peke yake, ameinua mikono. Hassan akatazama simu: saa kumi na nusu. Akatazama saa ya mkononi ili ahakikishe: saa kumi na nusu. Akamwambia mshindi pole, amechelewa, ametoka.

Nilipofika niliwakuta waendeshaji wote wamekaa kando ya barabara, na Hassan amesimama peke yake jua likimpiga usoni.

"Hassan, mwanangu, watu wote wametoka? Hata wa kwanza?"

"Mama, wallahi, saa mbili zimekubaliana. Wewe utabisha na saa mbili?"

"Na hiyo ya mkononi si ya Nairobi?"

"Nilidhani kijana wangu wa dukani ameirudisha iwe ya Juba."

Kwa kanuni, wote walitakiwa wapande gari langu. Hakuna aliyevua namba. Ustaz alikaa juu ya jiwe akasoma daftari lote, na jedwali la kuzidisha pia. Mwishowe akafuta neno "saa" kila mahali lilipokuwa, akaandika kanuni mpya: siku hufungwa na ufagio. Ufagio ukivuka mstari, aliyekwisha kuingia ameingia, aliyebaki amebaki. Nao ufagio utakwenda mwendo wa mtu mzima anayeenda kanisani akiwa hajachelewa. Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa saa ya mbio, mimi ambaye mkate wangu ulikuwa ukifika madukani saa nne.

Mwaka huohuo alijiandikisha Opio. Huyu alikuwa Mganda, mnoa visu wa Konyo Konyo. Kazi yake mnaijua: baiskeli imeinuliwa juu ya stendi, jiwe la kunolea limefungwa mbele ya usukani, unakanyaga pedali na jiwe linazunguka. Tangu asubuhi hadi jioni Opio alikanyaga bila kusogea hata hatua moja. Miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko ya wote waliowahi kushiriki, ila kona zilimsumbua, kwa kuwa kazini hakukuwa na kona. Tena alikuja kwenye mbio na baiskeli ileile, jiwe likiwa mahali pake.

Siku ya tano tulikuwa tunakaribia New Site. Niko nyuma yake kwa mwendo wa kanisani, naye anakwenda vizuri. Akapita mbele ya bucha. Mwenye bucha akatoka na visu vitatu mkononi akaita, "Opio!" Opio akasimama, akaiweka baiskeli kwenye stendi, akaanza kunoa. Nilifika hapo nikamkuta anakanyaga kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka, namba mgongoni, cheche zinaruka, na hasogei. Nikapiga honi. Akanipungia mkono niende tu. Kanuni ni kanuni, nikampita. Sijawahi kumpita mtu anayekanyaga kwa kasi kama ile.

Alivua namba mwenyewe, akaikunja mara nne, akaingia. Nilikuwa nimejaa hasira.

"Opio, wewe uko kwenye mbio au sokoni?"

"Mama, mteja ni mteja. Yeye ameita jina yangu."

"Si ungemwambia kesho?"

Tulikuwa tunapita kontena. Fundi wa rangi alikuwa ameanza kuandika majina. Opio akageuza shingo kuyatazama. "Mimi nakanyaga kila siku, mama. Kila siku, tangu mimi kijana. Lakini hapana fika popote. Mara moja tu nataka kufika."

Nilimpa maji.

Mwaka wa pili nilimpita njia ya Nimule, kwenye nyumba yenye msiba, watu wanataka kuchinja ng'ombe na visu havikati. Mwaka wa tatu nilimpita Atlabara, umbali ambao angeweza kusikia spika za New Site. Mara nne kwa jumla. Kila mara nilisema kimoyomoyo kwamba kazi ni kazi, na kila mara nilikosa usingizi. Naweza kulisema sasa kwa kuwa nimestaafu: nilimpenda yule mtu kama mdogo wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtoa.

Mwaka wangu wa mwisho, asubuhi ya siku ya tano, Opio alinijia mstarini kabla ya kuanza. Alikuwa amelifungua jiwe. Baiskeli ilionekana kama mtu aliyenyoa ndevu.

"Mama, nishikie," akasema, akaniwekea jiwe kwenye kiti cha abiria. "Leo hapana noa hata wembe."

Tulianza vizuri. Lakini mji ulikuwa umemzoea Opio kupita na jiwe siku ya mbio, na mji ukizoea jambo hauulizi. Wanawake wa Konyo Konyo walikuwa wamejipanga na visu na mapanga yao. Alipowapita bila kusimama, wakadhani hajawaona. Wakamfuata mbio wakimwita. Ikawa hivi: mbele Opio anakanyaga kufa na kupona, nyuma yake wanawake kumi na kitu wenye mapanga, nyuma yao mimi na ufagio.

Askari wa kizuizi walisimamisha kila kitu. Ningekuwa wao ningefanya vilevile.

"Huyu mtu amefanya nini?" akaniuliza mkubwa wao.

"Hajafanya kitu. Yuko kwenye mbio."

"Naona. Wanamkimbiza kwa nini?"

"Wanataka awanolee."

Alinitazama sana. Akachukua panga la mama mmoja, akapitisha kidole, akakubali kwamba kweli ni butu. Kisha akawauliza mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na hadithi ya panga lake. Walipotuachia, waendeshaji wengine wote walikuwa wameshavuka mstari, wameshaoga, na mimi najua viti vinavyopangwa baada ya hapo. Wanawake nao hawakurudi sokoni. Walishaelewa kwamba leo hanoi, wakasema watamsindikiza.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Ustaz.

"Ya mama, uko wapi? Mgeni rasmi ana safari. Amebaki mmoja tu?"

"Mmoja tu. Opio."

"Malesh, pole mama. Mpite, uje tufunge."

Mnyororo wa Opio ulikuwa umekatika dakika hiyohiyo. Alikuwa ameshuka, anaisukuma baiskeli kwa miguu, anajikaza kisabuni, hatazami nyuma. Kwa mwendo wa kanisani ningempita kabla ya kumaliza kusema "hewala". Kanuni iko wazi, niliitii miaka yote, na huyu aliyeniagiza ndiye aliyeiandika. Nilitazama mgongo wa yule mtu na namba iliyopinda. Nikasema, "Ustaz, mtandao hapa ni mbaya," nikazima simu. Mtandao ulikuwa mzuri sana. Hilo ndilo kosa pekee nililofanya kazini kwa makusudi, na ningelirudia kesho.

Wahenga walisema kawia ufike, lakini hawakuwa na rejeta. Nilikwenda kwa gia ya kwanza, nyuma ya mtu anayetembea, juani, mpaka moshi mweupe ukatoka kwenye boneti na injini ikafa. Mstari ulionekana, hatua kama mia tatu hivi. Opio aliposikia kimya, akasimama.

"Nenda!" nikamwambia. "Unangoja nini?"

"Mama, wewe umenifuata miaka yote. Nikuache hapa namna gani?"

"Opio, nenda, nitafika!"

Hakuenda. Alisogea hatua moja, akatazama nyuma, akasogea nyingine. Na hapo ndipo wasindikizaji walipoamua kunisaidia. Wanawake wakaweka mapanga yao nyuma ya pikapu, wakaanza kusukuma. Vijana wa bodaboda wakaacha pikipiki zao wakaja. Hata dereva wa mgeni rasmi, aliyetumwa kuangalia kunani, akavua koti akaweka bega.

Watu hawa walikuwa na nguvu na nia njema, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Gari likaanza kukimbia kuliko Opio. Nikakanyaga breki; injini ikiwa imezima, breki ya gari hili ni kama kukanyaga ukuta. Nikapiga makelele waache. Nao wakapiga vigelegele, wakasukuma zaidi. Miaka yote nilikuwa nikimtoa mtu huyu nikiwa macho makavu. Leo, siku niliyoamua kutomtoa, mji mzima ulikuwa unanisaidia kumtoa. Njiti za ufagio zikamgusa mgongoni. Hakuweza kukimbia, baiskeli ilikuwa inamvuta upande.

"Mama!" akalia bila kugeuka. "Tupa jiwe!"

Nilielewa. Nikafungua mlango, nikalivuta lile jiwe kutoka kiti cha pili kwa mikono miwili, nikaliangusha chini mbele ya gurudumu la nyuma. Gurudumu likalipanda, likagoma. Waliokuwa wakisukuma wote wakajikuta vifua juu ya pikapu. Gari likasimama, na chini yake nikasikia jiwe likipasuka vipande viwili.

Nilishuka nikawaambia kwa lugha zote ninazozijua. Ufagio uko mbele ya gari. Ukimpita huyu, ametoka, na kazi ya siku tano imekwisha. Mmoja akauliza si tuung'oe. Wakaujaribu, haukutikisika; fundi wangu wa kuchomelea alikuwa mtu wa kazi kweli. Basi mama mmoja, ambaye hata visu vyake havikuwa vimenolewa mwaka mzima, akasema, "Kama ufagio iko mbele, si tuweke mbele nyuma?"

Opio akatangulia hatua chache. Sisi tukaligeuza gari pale kwenye uwazi, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka tako lake likatazama mstari. Watu wakahamia kwenye boneti, wakizunguka ufagio wasiukanyage. Mimi nikashika usukani nimegeuza shingo, na hivyo ndivyo gari la ufagio lilivyoingia New Site, kinyumenyume, likiongozwa na mtu anayesukuma baiskeli isiyo na mnyororo.

Mgeni rasmi alikuwepo bado. Angeondoka na nani, dereva wake alikuwa ananisukuma. Opio akavuka. Tako la gari likavuka. Hassan akainua mkono.

"Ustaz, subiri. Hii gari inafika ama inaondoka?"

Ustaz Ladu akafungua daftari, akaenda ukurasa hadi ukurasa, Opio ameshika baiskeli yake kama mtu aliyeshika ng'ombe mnadani. Kisha Ustaz akatembea taratibu hadi mbele ya gari, akainama, akatazama ufagio na mstari.

"Kanuni inasema ufagio," akasema. "Haisemi gari. Na ufagio bado." Akawaashiria wasukume kidogo. Njiti zikapita juu ya chokaa. "Sasa umeingia. Kalas."

Sijui nieleze vipi kelele zile. Miaka yote nilikuwa nimezisikia kwa mbali tu. Viti vilikuwa chini, watu wamekaa juu yake, wengine wamesimama juu yake. Opio aliiangusha baiskeli, akaja dirishani, analia bila kujificha. "Mama," akasema, "na wewe leo umefika." Nami nikalia, palepale kwenye usukani.

Jina lake liko kwenye kontena. Fundi wa rangi alitaka kuandika na namba ya nafasi, Opio akamwambia jina inatosha.

Kamati yenu iliponiaga ilinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, na sitasema zaidi, ila mtu aliyefikiria zawadi hiyo asome daftari vizuri. Niliipeleka kwa Hassan siku ileile nikamwomba tubadilishane na kitu kingine dukani. Aliitundika juu ya mlango. Anasema ni ya Juba kabisa, na haruhusu mtu kuigusa.

Mimi nikatoka na jiwe jipya la kunolea, nikalipeleka Konyo Konyo kwa bodaboda nikiwa nimelipakata. Opio alilifunga, akalizungusha kwa kidole, akalisikiliza. Nilikuwa nimekuja pia na kisu changu cha jikoni. Akainua baiskeli kwenye stendi akaanza kukanyaga. Nikavuta kigoda nikakaa mahali nilipozoea, nyuma yake, natazama mgongo.

Akaacha kukanyaga.

"Mama, njoo huku mbele. Nyuma umekaa sana."

Nikabeba kigoda changu, nikahamia mbele.